Mali ya Nani? Jina la Biashara Ndogo Mtandaoni



Nianze na kanga. Mwenye kanga ya Mombasa kabatini, akifika nyumbani leo aikunjue, aitazame karibu na pindo. Huenda akakuta maandishi madogo: K.H.E., na kando yake, Mali ya Abdulla. Herufi hizo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana mjini kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake linahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1887. Husemwa kuwa ndiye aliyeanza kutia misemo ya Kiswahili kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Hilo la misemo nawaachia wapenzi wa kanga waendelee kubishana. Mimi leo nashughulika na yale maneno matatu madogo, ambayo sidhani kama kuna mwanamke aliyewahi kununua kanga kwa ajili ya kuyasoma.

Fikirini hali ya Abdulla. Kanga zake hazikufumwa Mombasa. Zamani zile kanga zilichapwa ng'ambo, Ulaya na India, baadaye Japani, zikaja kwa meli. Mwenye mtaji yeyote aliweza kuagiza nguo za namna hiyo na kuzitandaza dukani. Mnunuzi aliyekuwa mbali na Mombasa hakumjua Abdulla kwa sura, wala hakuwa na njia ya kupima rangi kabla ya kuifua. Alichoweza kuona ni kwamba kanga hii ina mwenyewe. Ikichuja, ipo nyumba inayojulikana, kwenye mtaa unaojulikana, ya kwenda kulalamika. Nguo ya jirani, iliyokosa jina, ikichuja ni bahati mbaya yako.

Nimeombwa nizungumzie jinsi biashara ndogo inavyoweza kujenga chapa imara mtandaoni. Hoja yangu ni hii moja, na mengine yote ni matawi yake: chapa imara ni mwenye mali aliyekubali kujulikana, ili akikosea alaumiwe. Mteja humwamini mtu anayeweza kumlaumu. Na biashara zetu nyingi ndogo mtandaoni, kwa kujua au kwa kutojua, zimejengwa kwa namna ambayo hakuna wa kulaumiwa.

Fungueni simu zenu, mwangalie kurasa kumi za nguo za akina mama. Jina linaishia na Collection au Classic. Picha ni ya mwanamitindo ambaye hajawahi kukanyaga Dar es Salaam. Bei haipo. Mahali pa duka pameandikwa "Kariakoo", kana kwamba Kariakoo ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Malipo yanakwenda kwa namba ya simu, na jina linalotokea ni la mtu ambaye hakutajwa popote kwenye ukurasa. Kila kipande cha habari ambacho Abdulla aligharamia kukichapa kwenye nguo, sisi tumegharamia kukificha. Kisha tunaulizana kwa nini mteja anatuma ujumbe, anauliza, halafu anapotea.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilikuwa kweli mtaani, kwa sababu mtaa ulikuwa na mashahidi. Mama aliyepika vitumbua vizuri Magomeni hakuhitaji bango. Saa tatu asubuhi sinia lilikuwa tupu, na kila mpita njia aliliona hivyo. Mtandaoni sinia tupu halionekani. Kizuri na kibaya vimekaa bega kwa bega kwenye kioo kimoja, na mara nyingi kibaya ndicho chenye picha inayovutia zaidi, maana picha yake imeokotwa kwa mwingine. Kwa hiyo siku hizi hata kizuri hakina budi kujitembeza. Kazi yetu ni kuhakikisha kinatembea na mashahidi wake.

Twendeni basi Kariakoo, huko ambako wengi wenu mnachukua mali. Ukipita Mtaa wa Kongo utawaona vijana, na siku hizi wasichana wengi pia, wameshika simu, wanapiga picha viatu na mikoba kwenye maduka yasiyo yao. Hao ni mawinga. Hawana fremu, hawajalipa kilemba, hawana mzigo stoo. Mteja wa Kigoma akiipenda picha, winga anaongeza chake juu ya bei ya dukani, anapokea pesa, anakwenda kuchukua kiatu, anakifunga, anakipeleka kwenye basi. Wapo wafanyabiashara wenye fremu wanaowadharau. Mimi siwadharau hata kidogo. Winga mzuri anauza macho yake. Mtu aliye Songea hawezi kujua ni kiatu kipi soli yake itabanduka wiki ya pili. Winga anayeshinda humo madukani anajua. Akiwa na msimamo wa kukataa kiatu kibovu hata kama kina faida, huyo ana chapa, na ni chapa yenye thamani kuliko ya mwenye duka asiyejua anachouza.

Shida ni kwamba mawinga wengi hawakatai kitu. Wanaweka yote. Na wengine hata kwenda dukani hawaendi, wanachukua picha kutoka kwenye kurasa za wauzaji wa China na kuziweka kama zilivyo, kiasi kwamba utaona gauni moja, mwanamitindo mmoja, ukuta mmoja, kwenye kurasa ishirini, kila mmoja na bei yake. Mteja si mjinga. Akishaiona picha ile mara tatu anajua kuwa hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeligusa gauni.

Ndiyo maana ninasema kazi ya kwanza ni picha yako mwenyewe, ya mali iliyo mkononi mwako. Haihitaji kamera ya mpiga picha wa harusi. Simu yako inatosha, mlangoni, asubuhi kabla jua halijawa kali. Lakini piga pia vile visivyopigwa: mshono wa ndani, zipu, lebo, futi ya fundi ikionyesha urefu halisi. Kama kuna kasoro, ionyeshe na uiandike. Rangi husumbua sana kwenye simu. Andika kwamba hapa inaonekana nyekundu lakini machoni ni damu ya mzee. Sentensi hiyo moja inamwambia mteja kwamba upo umesimama mbele ya nguo, umeitazama kwa niaba yake, na kwamba ukimdanganya ataweza kukusuta kwa maneno yako mwenyewe.

Nimefika kwenye jambo ambalo najua litanigombanisha na nusu ya ukumbi: bei inboksi.

Najua sababu zenu. Mshindani ataona bei atashusha yake. Mteja akiona bei kavu atakimbia kabla hujamweleza ubora. Na biashara yetu ni ya kupatana. Bei iliyobandikwa inaua mazungumzo. Sababu ya tatu naiheshimu, kupatana ni sehemu ya utu wetu sokoni. Ila tazameni upande wa pili. Mteja yuko kitandani saa nne usiku, bando lake linakaribia kwisha, ameuliza kurasa sita. Mmoja kaandika bei. Watano wamemwambia aje inboksi, wawili watajibu usiku huo, watatu kesho. Nani kauza? Na kuna dhana ambayo wateja hawawaambii usoni: wanaamini kwamba "bei inboksi" maana yake ni "ngoja kwanza nitazame picha yako nijue una pesa kiasi gani". Huenda mnaonewa. Lakini mmejitakia wenyewe. Andikeni bei. Kama inabadilika kwa saizi, andikeni inaanzia ngapi. Kama inapungua kwa anayechukua pisi tatu, andikeni hivyo, na kupatana kuanzie hapo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajieleze yeye ni nani na anapatikana wapi, aeleze bidhaa yake na gharama zake. Sijamwona mtu akipelekwa mahakamani kwa kuficha bei ya viatu, lakini ni vizuri kujua kuwa mteja anayekuuliza bei hakuombi fadhila.

Kuhusu kauli nitasema kidogo tu, kwa kuwa mnajua. "Soma posti vizuri." "Unanunua au unauliza tu?" Anayeandika maneno hayo kwa kawaida si mwenye biashara, ni binti aliyeachiwa simu, amechoka, hajala, hajalipwa vizuri. Mwenye biashara akiona majibu hayo aanze kumlisha yule binti kabla ya kumgombeza. Jambo jingine: andikeni kwa Kiswahili cha mteja wenu. Ukiuza mafuta ya nazi kwa akina mama wa Tanga, maelezo ya Kiingereza yaliyonakiliwa kwenye chupa ya Marekani hayakupi hadhi, yanakuweka mbali. Na msiogope ujumbe wa sauti. Mama wa miaka 60 ambaye hawezi kusoma maandishi madogo atausikiliza mara mbili na kumsikilizisha jirani yake.

Pesa. Hapa ndipo pa hatari, na hapa ndipo chapa nyingi zinakufa bila mwenyewe kujua. Nchi nzima inaijua ile meseji ya matapeli, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Miaka mingi ya meseji hiyo imemfundisha mteja kusoma jina kabla ya kubonyeza namba ya siri. Sasa ukurasa wako unaitwa Pendeza, tuseme, na jina linalotokea kwenye simu yake ni la mwanamume wa majina matatu ambaye hamjui. Kidole kinasita. Wengine wanaendelea, wengine wanaacha na hawakwambii sababu. Chukueni lipa namba kwa jina la biashara, lile lile lililo kwenye ukurasa, na muandike kwenye ukurasa kwamba jina litakalotokea ni hili, likitokea jingine usilipe. Matapeli wakiiga ukurasa wako, na ukianza kujulikana wataiga, sentensi hiyo itakuokoa zaidi ya malalamiko mia.

Kutoka pale mteja anapolipa hadi anapoushika mzigo kuna saa ambazo hakuna somo la matangazo linalozitaja, nami naziona kuwa ndizo zenye uzito kuliko zote. Mteja yuko Mpanda. Ametuma 45,000. Amebaki na meseji ya mtandao wa simu, basi. Kila saa inayopita anajiuliza kama ametapeliwa. Atamficha mumewe. Muuzaji naye ameshafunga mzigo, ameuacha ofisi ya basi Mbezi, anaona kazi yake imekwisha, anazima data.

Mwenye chapa anafanyaje? Anapiga picha ya kifurushi kikiwa kimefungwa, jina na namba ya mteja vinasomeka. Anatuma. Akifika ofisi ya basi anapiga picha ya risiti, anaandika jina la kampuni ya basi, namba ya gari na muda wa kuondoka. Anatuma. Asubuhi anauliza, "Dada, gari limefika?" Akishapokea anauliza tena, "Imekutosha?" Ujumbe huo wote haufiki dakika tano za kazi. Na angalieni matokeo yake: mteja huyu atamtumia ndugu yake ile picha ya risiti. Atasema, huyu hatapeli, alinitumia mpaka namba ya basi. Tangazo la namna hiyo huwezi kulinunua popote, kwa sababu aliyelitoa hakulipwa na anayelisikia anamjua.

Ili kazi hii isikushinde siku ya wateja thelathini, tumia zana zilizopo. Programu ya WhatsApp Business ilitoka mwaka 2018, ni ya bure, na bado nakutana na watu wanaoitumia kama WhatsApp ya kawaida tu. Ina orodha ya bidhaa na bei zake, ina majibu ya haraka unayoyaandaa mara moja, ina sehemu ya anwani na saa za kazi, na ina lebo ambazo unaweza kuzipa majina: amelipa, ametumiwa, amepokea, anadai kubadilisha. Ukikosa hiyo, daftari la shule la kurasa 96 linafanya kazi ile ile. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa siku mzigo unapoharibika. Gauni limefika, ni dogo, mteja ameandika kwenye komenti mbele ya watu wote kwamba nyinyi ni matapeli. Kwanza mkono unakimbilia kufuta. Usifute. Komenti iliyofutwa huzaa picha ya skrini, na picha ya skrini husafiri kwenye magrupu ambayo wewe humo. Jibu pale pale, kwa jina, bila kupandisha sauti: pole dada, tumeona, leta tukubadilishie, nauli ya kurudisha juu yetu. Tufanye hesabu. Tuseme gauni ni 45,000 na faida yako ni 12,000. Nauli ya kwenda na kurudi ikila 10,000, umebaki na 2,000. Unaona umepoteza. Lakini watu mia mbili wamesoma ile komenti na jibu lake, na wamepata habari ambayo posti zako zote nzuri hazikuweza kuwapa: kwamba mambo yakiharibika, hapa kuna mtu.

Wapo wateja wakorofi, hilo nalijua. Yupo anayevaa gauni harusini Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likinuka udi. Kwa huyo, masharti yaandikwe mapema: siku ngapi, lebo ikiwepo, nguo za ndani hazirudishwi. Halafu yafuate masharti kwa wote, hata shangazi yako.

Nikirudi kwenye mashahidi wetu, yaani wateja wenyewe, nitoe tahadhari moja. Tumezoea kuweka picha za wateja na mazungumzo yao kwenye stetasi ili kuthibitisha kuwa tunauzika. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na mwaka 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Omba ruhusa. Ficha namba na sura ya asiyetaka. Mteja aliyenunua dawa ya chunusi hakukubali mtaa mzima ujue ana chunusi.

Kununua wafuasi: msinunue. Wafuasi elfu arobaini na komenti tatu, moja ikiwa ya mama yako, hakuna anayedanganyika. Nembo na rangi: ziwe rahisi, zisibadilike kila mwezi, inatosha. Wako watakaowatoza laki tano kwa nembo ya kipepeo. Laki tano hiyo nunueni mifuko yenye jina lenu, maana mfuko utapanda daladala.

Kuna jambo la hadithi ya bidhaa, ambalo vijana wa masoko wanalipenda sana, nami nalipenda pia pale linapokuwa kweli. Zanzibar ilianza kulima mwani kibiashara mwaka 1989. Wakulima, wengi wao wanawake, wamekuwa wakiuza mwani mkavu kwa kilo kwa wanunuzi wanaousafirisha nje. Mwani wa gunia hauna jina. Ukishafika kiwandani ng'ambo hakuna ajuaye kama ulitoka Jambiani au Ufilipino, na asiyejulikana hana sauti kwenye bei. Pale Paje iko karakana inayoitwa Mwani Zanzibar, inayotengeneza sabuni na vipodozi kwa mwani huo na kuviuza kwa kutaja ufuo na wanawake wanaoulima. Wageni wanatembelea, wanaona kamba na vigingi baharini, wanaona sabuni ikikatwa. Mwani ni ule ule wa gunia. Kilichoongezeka ni kazi ya mikono, na habari ya kweli inayoweza kukaguliwa na yeyote atakayeshuka pwani maji yakiwa yamekupwa.

Naweka mkazo kwenye kukaguliwa kwa sababu hadithi za kubuni zimejaa. Kila mafuta ya nywele sasa ni siri ya bibi wa Pemba. Bibi gani? Kama una bibi kweli, mwonyeshe, na umgawie. Kama mafuta unayanunua kwenye dumu na kuyajaza chupani, sema unachagua dumu zuri na kulipima, hilo nalo ni kazi ya heshima. Na kwa vyakula na vipodozi, alama ya TBS, Shirika la Viwango, itakusemea kuliko bibi.

Sasa niugeuze mkono upande wa pili. Mpaka hapa nimesema mteja ajue mali ni ya nani. Lakini je, na wewe una uhakika kuwa ni yako?

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Tatizo lilikuwa la mitambo yao wenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na Afrika Mashariki ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Uganda iliwatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kuanzia Julai 2018, na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ikafungwa, ikabaki imefungwa kwa miaka. Aliyekuwa amejenga jina lake lote pale, akiwa na wateja wasiojua kutumia njia za kukwepa, alianza upya. Na sisi Tanzania, mwishoni mwa Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siasa ya mambo hayo ina majukwaa yake. Mimi nauliza swali la mwenye duka: siku zile, ni nani kati yenu aliweza kuwafikia wateja wake kumi bora? Mwenye fremu Kariakoo ana mkataba na anaijua nyumba ya mwenye jengo, akifungiwa anakwenda kugonga. Ukurasa ukifungwa usiku kwa sababu mtu kauripoti, utamgongea nani?

Kwa hiyo yapo mambo ya kumiliki nje ya kurasa hizo, na hayana ugumu unaodhaniwa. Namba za wateja ziandikwe mahali ambapo hapahitaji intaneti, ili meseji ya kawaida iwafikie. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, kwa njia ya mtandao, na kwa ndugu wa Zanzibar ni BPRA. Kenya inafanyika kupitia eCitizen. Anwani ya tovuti yenye .co.tz au .co.ke, hata kama ni ukurasa mmoja wenye jina, ramani na namba ya simu, inakupa barua pepe yenye jina lako na mahali ambapo mteja atakukuta hata ukihama mtandao mmoja kwenda mwingine.

Wengi hapa huchanganya vitu viwili, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kusajili jina la biashara ni kuiambia serikali kwamba fulani anafanya biashara kwa jina hili. Hakumzuii mwingine kutia jina hilo kwenye chupa yake ya pilipili. Kinachozuia ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa kivyake, kwa aina ya bidhaa unazouza. Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili wa Bara hauvuki bahari: ukiuza Unguja, unasajili na Zanzibar. Kenya kazi hiyo ni ya KIPI, na usajili ni wa miaka 10. Kabla ya kuchapa lebo elfu tano, kagueni kwanza kama jina halijachukuliwa. Majina kama Safi, Bora na Asili yanaonekana mazuri sana, ila ni ya wote, na cha wote ni vigumu kukilinda. Jina la ajabu kidogo, lisiloeleza bidhaa, ndilo linalolindika.

Mtasema haya ni ya wakubwa. Mali kauli nayo ni ya wakubwa? Kila siku Kariakoo mtu anachukua mzigo wa mamilioni bila kulipa, kwa neno lake tu, kwa sababu jina lake linajulikana pale. Mtaji mkubwa wa wengi wenu tayari ni jina. Halijaandikwa tu.

Nimalizie na jambo linalovunja biashara nyingi za ndugu na marafiki. Ule ukurasa ulifunguliwa na nani? Mara nyingi ni mpwa, kijana mwepesi wa simu, alitumia laini yake na barua pepe yake, na wakati ule hakuna aliyewaza. Laini ya simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Iliyo kwa NIDA ya mpwa ni ya mpwa. Namba ya uthibitisho ikitumwa, inakwenda kwake. Akikasirika, akisafiri, akipoteza simu, au Mungu apishe mbali akafariki, biashara ya miaka minane imefungwa na hakuna ofisi ya kwenda kulia. Washirika wawili mnaopendana leo, andikeni karatasi moja mkiwa bado mnapendana: ukurasa, namba, lipa namba na jina lililosajiliwa vinabaki kwa nani siku mkiachana, na anayeondoka analipwa kiasi gani. Wekeni pia uthibitisho wa hatua mbili, na neno la siri lijulikane na mtu wa pili mnayemwamini. Na kesho asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, mchukueni huyo mpwa pamoja na kitambulisho chake mwende naye duka la kampuni ya simu mkahamishe umiliki wa ile laini, kabla hajapata kazi nzuri Dodoma.

Sasa nipo tayari kwa maswali, tukianza na wale wa bei inboksi.